Mtoto wa Farasi Anayetetemeka Kichwa: Maswali na Majibu

Merikebu ya Sultana ilipong'oa nanga Unguja mwaka 1840 kuelekea New York, ikiwa imesheheni karafuu, pembe na tende, ilichukua pia hidaya ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, kwa rais wa Marekani, na katika hidaya hiyo walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Farasi hakupata kustawi katika sehemu kubwa ya bara letu, kwa sababu ya mbung'o na maradhi mengine; lakini ng'ambo ya bahari, Oman na nchi za Ghuba, ambako wasomaji wetu wengi wana jamaa zao, yeye ni fahari ya nyumba, na nasaba yake husimuliwa kwa usahihi ambao wengi wetu hatuna hata kwa babu zetu wenyewe. Nasaba hiyo hurithisha uzuri, na mara nyingine hurithisha maradhi ya ubongo. Maswali haya ni yale ambayo wafugaji humwuliza tabibu wa wanyama, aghalabu wakiwa wamechelewa.

SWALI: Mtoto wa farasi wangu alizaliwa mzima, akanyonya, akakimbia. Alipotimia miezi miwili akaanza kutetemeka kichwa na kuangukaanguka. Saisi anasema alipigwa teke. Je, ni kweli?

JIBU: Teke laweza kutokea, na tabibu mwangalifu hulitafuta kwanza, lakini mtoto aliyepigwa teke kichwani huugua siku ile ile, ilhali huyu wako alianza kidogo kidogo, anakula vyema, wala hana homa. Nguvu anazo, alichopoteza ni kipimo. Mtazame atembeapo: hunyanyua mguu wa mbele kupita kiasi, kana kwamba anavuka kizingiti kisichoonekana, na asimamapo huitanua miguu. Akiinama kunywa maji, kichwa humtetemeka zaidi kadiri anavyoikaribia ndoo, na akipumzika mtetemo hupungua. Mpelekee mkono machoni kwa ghafula: anauona, lakini hapepesi. Akishtuka huku kichwa kimeinuliwa aweza kuanguka kinyumenyume, na kuanguka huko ndiko kunakomtia jeraha ambalo watu wa zizini hulidhania kuwa asili ya maradhi, kumbe ni tokeo lake.

Dalili hizi, zikianza baina ya wiki ya sita na mwezi wa nne, kwa mtoto wa nasaba ya Kiarabu, hunifanya niyashuku maradhi yaitwayo abiotrofia ya ubongo mdogo. Neno hilo la abiotrofia lilitungwa na tabibu Mwingereza, William Gowers, mwaka 1902, kwa kueleza jambo la kuhuzunisha: kiungo kuumbwa kamili, kisha kikafa kabla ya wakati wake kwa kupungukiwa na uhai tangu asili. Hapa zinazokufa ni zile seli kubwa za ubongo mdogo, ulioko kisogoni, ambazo Jan Evangelista Purkyně wa Bohemia alizieleza mwaka 1837 na ambazo mpaka leo zina jina lake. Kazi ya seli hizo ni kusawazisha mwendo, yaani kuuambia mguu umbali wa ardhi na kukiambia kichwa umbali wa ndoo. Zikishakufa hazioti tena.

SWALI: Mbona baba na mama yake ni wazima, tena baba amepata tuzo?

JIBU: Kwa sababu kila mmoja wao, ikiwa maradhi ni haya, ana nakala moja mbovu ya jeni na nakala moja nzima, na ile nzima inatosha. Farasi wa namna hiyo tumwite mchukuzi. Haumwi, hatetemeki, hupita mbele ya waamuzi akasifiwa, na sifa zake zote ni za kweli. Mchukuzi akipandishwa kwa mchukuzi, kila mimba ina fungu moja katika manne la kupata mtoto mgonjwa, mafungu mawili ya kupata mchukuzi, na moja la kupata asiye na kasoro. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba, haikumbuki yaliyopita. Ndiyo maana mfugaji aweza kuzalisha watoto wanne wazima kwa wazazi wale wale, akaapa kuwa nasaba yake ni safi, na wa tano akamtetemekea mbele ya wageni.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, kule Davis, walitoa kipimo cha kasoro hii mwaka 2008, na mwaka 2011 wakaeleza badiliko lenyewe, lililoko katika kromosomu ya pili ya farasi. Katika farasi wa Kiarabu waliopimwa huko, takribani mmoja katika kila watano alikuwa mchukuzi. Piga hesabu mwenyewe: watu wakipandisha farasi bila kupima, ndoa moja katika ishirini na tano itakutanisha wachukuzi wawili, na mtoto mmoja katika mia atazaliwa na ugonjwa. Mmoja katika mia ni wachache kiasi cha kila mtu kumwona wake kuwa ajali.

SWALI: Nimesikia habari za mtoto wa farasi mwenye rangi ya ajabu, asiyeweza kusimama. Ni maradhi hayo hayo?

JIBU: La, hayo ni mengine, nayo ni makali zaidi. Mtoto huzaliwa na rangi iliyopauka, ya fedha au ya zambarau hafifu, hata wageni wa zizi humstaajabia kabla ya kujua balaa yake. Shingo huvutwa nyuma kama upinde, miguu hukakamaa au hupiga kama anayeogelea, wala hawezi kusimama anyonye. Na ndani ya siku chache hufa, au mwenyewe humwomba tabibu ampumzishe. Asiyejua husema alikosa hewa wakati wa kuzaliwa.

Je, rangi na ubongo vina uhusiano gani? Mwaka 2010 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzao walionyesha kuwa herufi moja tu imepotea katika jeni ya protini iitwayo miosini ya tano. Protini hiyo ni kama hamali wa bandarini mwenye ajira mbili: huchukua chembe za rangi na kuzifikisha kwenye nywele, na huchukua shehena nyingine ndani ya seli za fahamu. Hamali akilemaa, mizigo yote miwili hulala gatini. Kasoro hii huonekana hasa katika ukoo wa farasi wa Kiarabu wa Misri, ambao kwa sehemu kubwa umetokana na mkusanyo wa Abbas Pasha, aliyetawala Misri tangu 1848 hadi 1854 na kuagiza farasi wa Najd kwa mali isiyohesabika. Penye wazazi wachache na wajukuu wengi, kasoro ya mmoja husambaa kimya.

Ukoo huo huo wa Misri una kifafa cha utotoni pia, kiwapatacho watoto kabla ya miezi sita. Hicho hutibika, na aghalabu mtoto hukiacha akikua, mradi asijiumize wakati wa kuanguka.

SWALI: Na huyu anayetetemeka, hana dawa?

JIBU: Hana. Hali yake kwa kawaida hufika mahali ikasimama, na wengine huishi miaka mingi malishoni penye uzio salama. Lakini asipandwe na mtu kamwe.

SWALI: Nikigundua kuwa dume langu bora ni mchukuzi, nimhasi?

JIBU: Usimhasi kwa hilo peke yake. Akipandishwa kwa jike lisilo na kasoro hatazaa mgonjwa hata mmoja, na nusu ya watoto wake hawatakuwa hata wachukuzi. Kuwaondoa wachukuzi wote kwa pupa ni kuupunguza ukoo ambao tayari ni mwembamba, na kwa kufanya hivyo huenda ukaipa nafasi kasoro nyingine usiyoijua. Linalonikera mimi ni ufichaji: mwenye dume anajua, ananyamaza kwa kuhofia ujira wa kupandisha, na mwenye jike anarudi kwao na mimba ambayo hakuonywa.

SWALI: Kipimo chenyewe hufanywaje?

JIBU: Kwa nywele. Ng'oa nywele ishirini au thelathini za shungi la shingo au mkia, ukizivuta kwa mkupuo karibu na ngozi, uzitie katika bahasha safi yenye jina la farasi, uzipeleke maabara. Usizikate kwa mkasi, kwani kinachotafutwa kimo katika kile kifundo cheupe cha mzizi.