Jina la Ugonjwa Linapogeuka Tusi

Leo tunasoma Mathayo 5:21-22. Fungua Biblia kabisa, usitegemee kumbukumbu.

Kwanza kisa. Likizo iliyopita nilikuwa Muleba kwenye mechi ya vijana wa vigango viwili. Golikipa wetu akaachia mpira mwepesi, kijana mmoja akapiga kelele: "Mtindio wa ubongo wewe!" Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja amempakata mwanae, mtoto mkubwa tu ila hawezi kukaa mwenyewe. Mechi ilipoisha akaniambia taratibu: "Frateri, hilo neno limeandikwa kwenye kadi ya mwanangu ya kliniki." Nilikosa la kusema.

Mtindio wa ubongo ni neno la hospitali. Linataja athari ya ubongo inayompata mtoto kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, kwa mfano akikosa hewa. Viungo havimtii vizuri. Lakini wengi wenye hali hiyo wana akili timamu kama mimi na wewe.

Si neno la kwanza kuharibika. "Taahira" lina asili ya Kiarabu, kwenye neno la kuchelewa: mtoto amechelewa kukua kiakili, basi. Leo ukimwita mtu hivyo mnashikana mashati. Wazungu nao walipita hapohapo. Mwaka 1910 mwanasaikolojia wa Marekani, Henry Goddard, alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya "mpumbavu" akatunga jina la kitaalamu, moron, la kuwapanga watu wenye ulemavu wa akili. Baadaye likawa tusi la mtaani.

Sasa rudi kwenye somo letu. Katika Mathayo ya Kigiriki, neno linalotafsiriwa "mpumbavu" kwenye aya ya 22 ni hilohilo alilochukua Goddard! Na Yesu anaonya juu yake akiwa anafundisha amri gani? Usiue. Kwake, kumdharau ndugu kwa mdomo ni jambo la familia moja na kumwaga damu.

Nilipokuwa nasoma falsafa tulijifunza kwamba neno ni ishara tu. Daktari na yule kijana uwanjani walitamka neno lilelile. Mmoja alitaka kusaidia, mwingine kudhalilisha. Sumu ilitoka moyoni. Ndiyo maana kubadili majina peke yake hakutoshi. Mwaka 2010 nchi yetu ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, na ni vizuri kwamba hapo "watu" wanatajwa kwanza. Lakini maziwa mapya ukiyamimina kwenye kibuyu kichafu yataharibika tu. Tusiposafisha moyo, hata "mwenye ulemavu" litakuwa tusi kesho.

Jiulize:
1. Ni ugonjwa au ulemavu gani ninaoutumia kutania wenzangu?
2. Nikisikia tusi la namna hiyo, nakemea au nacheka?

Azimio la wiki: mtafute mtu mmoja kijijini au mtaani kwako anayeitwa kwa hali yake, ujifunze jina lake. Mimi Jumapili iliyofuata nilimwomba yule mama msamaha, kisha nikamwuliza mwanae anaitwa nani. Siku hizi tukikutana namsalimia kwa jina lake la ubatizo, naye ananicheka kweli.

Ee Yesu, weka mlinzi mdomoni mwangu, na usafishe moyo wangu kwanza. Amina.