AFYA YAKO: KWA NINI MZEE HUAMKA USIKU WA MANANE?

Ndugu msomaji, katika somo hili tutajifunza jinsi macho, mwanga wa jua na usingizi vinavyohusiana. Somo hili linawafaa wazee. Linawafaa pia vijana wanaoishi na wazee.

Mfano wa bibi mmoja

Tuchukue mfano wa bibi mmoja katika kijiji cha Wilaya ya Kasulu. Umri wake umepita miaka 70. Anaishi na mwanawe na wajukuu. Hula mapema, na ikifika saa 2 usiku amekwisha lala. Saa 9 usiku huamka, wala hapati usingizi tena. Huchochea moto, hufungua mlango, hutoka uani. Mchana husinzia jikoni karibu na mafiga. Macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi.

Majirani wameanza kunong'ona. Wanaulizana, "Bibi huyu anatafuta nini nje usiku?"

Ndugu msomaji, minong'ono ya namna hiyo ni hatari. Katika nchi yetu, hasa mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Macho yao mekundu yalifanywa kuwa ushahidi. Lakini macho mekundu huletwa na moshi, vumbi au ugonjwa. Kuamka usiku nako kuna sababu zake. Tuzitazame.

Saa iliyo ndani ya mwili

Kila mtu ana saa ndani ya mwili wake. Saa hiyo imo ndani ya ubongo. Ndiyo inayouambia mwili wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Hata jogoo anayo. Mwaka 2013 wataalamu wa Japani walitoa habari za majogoo waliowekwa katika mwanga hafifu usiobadilika mchana wala usiku. Majogoo hawakuona alfajiri, lakini waliendelea kuwika kila siku kwa kufuata saa ya miili yao.

Saa ya mwili haiendi sawasawa kabisa na siku ya saa 24. Lazima irekebishwe kila siku. Kinachoirekebisha ni mwanga wa jua, nao huingia kwa njia ya macho. Nyuma ya jicho zimo chembe ndogo sana ambazo kazi yake ni kupeleka ubongoni habari ya mwanga. Wataalamu wa Marekani walieleza kazi ya chembe hizo mwaka 2002. Giza likiingia, ubongo hutoa kemikali inayouandaa mwili kulala.

Jicho linapozeeka

Umeiona taa ya chemli? Kioo chake kikiwa safi, mwanga hupita vizuri. Kikishika masizi, mwanga hupungua, hata kama utambi unawaka vilevile.

Jicho nalo lina kioo chake, kinachoitwa lenzi. Katika ujana lenzi ni safi kama maji. Miaka inavyopita hugeuka rangi ya manjano. Kwa wazee wengi hupata ukungu. Ukungu huo ndio mtoto wa jicho. Tena, tundu la mboni linalopitisha mwanga huwa dogo zaidi uzeeni. Kwa hiyo mzee na kijana wakikaa mahali pamoja, mwanga unaofika ndani ya jicho la mzee ni mdogo kuliko wa kijana.

Saa isiyopata mwanga wa kutosha hupoteza nguvu. Mzee husinzia mchana na kukesha usiku. Zaidi ya hayo, uzee wenyewe huvuta usingizi uje mapema na uishe mapema.

Mazingira yetu

Kasulu na Kibondo hatukosi mwanga wa jua. Mwaka mzima mchana wetu una karibu saa 12. Lakini je, wazee wetu wanaupata? Wengi hukaa ndani. Nyumba nyingi zina madirisha madogo, na migomba huzizunguka. Wakati wa mvua na wakati wa baridi mzee hukaa jikoni siku nzima. Kumbuka, mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, ni mkubwa mara nyingi kuliko ule wa ndani.

Tufanye nini?

1. Hesabu saa kwanza. Bibi wa mfano wetu hulala saa 2 na kuamka saa 9. Amelala saa 7. Mzee huhitaji saa 7 au 8. Kwa hiyo shida yake si kulala kidogo. Shida ni kulala mapema.

2. Mtoe mzee nje kila siku. Mwekee kiti barazani au uani. Achambue maharagwe, asuke mkeka, azungumze na wageni. Anayelala mapema mno akae nje hasa kuanzia saa 10 alasiri mpaka jua likaribie kuzama. Mwanga wa saa hizo husogeza usingizi mbele. Lakini asilitazame jua lenyewe.

3. Mchana asilale sana. Nusu saa yatosha.

4. Jioni zungumzeni naye mpaka kama saa 3 usiku. Asinywe chai kali, kahawa wala pombe.

5. Usiku asiwashiwe taa kali ya sola wala simu usoni. Taa ndogo iliyowekwa chini, kwenye njia ya kwenda chooni, itamzuia asianguke.

6. Punguzeni moshi. Fungueni dirisha la jikoni, tumieni kuni kavu.

Nenda kwa mganga wa kituo cha afya

Si kila anayekosa usingizi ana shida ya mwanga. Wengine huamshwa na maumivu, kikohozi, haja ndogo ya mara kwa mara au huzuni ya kufiwa. Mweleze mganga mambo hayo. Usimnunulie mzee dawa za usingizi bila kuandikiwa, maana zinaweza kumwangusha.

Akiona ukungu, au macho yakiuma, nenda upesi. Mtoto wa jicho haondolewi kwa matone wala kwa majani ya porini. Huondolewa kwa upasuaji. Lenzi yenye ukungu hutolewa, na mpya safi huwekwa. Mwanga huingia tena. Mganga atawaelekeza hospitali inayofaa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilieleza kuwa wazee wasio na uwezo wapate matibabu bila malipo. Ulizeni ofisi ya kijiji.

Na wewe jirani, ukimwona bibi uani saa 9 usiku, usinong'one. Kesho yake mchana mpelekee kiti, mkae naye juani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mwanga wa jua hufanya kazi gani mwilini?
2. Kwa nini jicho la mzee hupokea mwanga kidogo?
3. Katika kaya yako, mzee hukaa nje saa ngapi kwa siku?
4. Kijiji chetu kifanye nini kuwalinda wazee wanaosingiziwa uchawi?