Pikapu ya Kikundi Ikikosa Nguvu, Usikimbilie Salensa

Ndugu wanakikundi, somo letu leo ni la gari la zamani. Vikundi vingi huku Kiganjo vina pikapu moja ya kupeleka mazao sokoni Thika. Ikipakiwa vizuri inashindwa na kilima, watu wanashuka kusukuma. Ndipo anatokea mtu na kusema, "Toeni hiyo salensa, gari lipumue." Inatolewa. Gari linanguruma kama trekta, mtaa mzima unaamka saa kumi na moja alfajiri, na kilima ni kile kile.

Hatumcheki mtu, maana hata sisi tulifanya hivyo na Peugeot 504 yetu. Hii ni gari ya maana, ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Lakini ya kwetu ilikuwa haishindi hata mkokoteni.

Kelele hudanganya sikio. Injini hupata nguvu hewa, petroli na cheche zikikutana kwa kipimo na kwa wakati wake. Salensa iliyoziba kwa kutu kweli huiba nguvu, lakini dawa ni kuweka nyingine ya kipimo kile kile. Ukikata bomba katikati, moshi hutokea chini ya gari badala ya nyuma. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Fikirini akina mama waliokaa nyuma chini ya turubai.

Sasa tuanze na yale ya bure. Zima injini. Mmoja akanyage aksileta mpaka mwisho, mwingine aangalie kabureta kama mlango wake umefunguka wote. Mara nyingi waya umelegea, au kuna kizulia kimejikunja chini ya pedali. Watu wamenunua kabureta mpya kwa sababu ya kizulia! Angalia pia kama choki inarudi yote.

Kisha jua kama gari linajizuia lenyewe. Ukitoka safari, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu, usishike. Moja likiwa na joto kuliko mengine, huenda breki yake inashika. Inua gurudumu hilo kwa jeki, weka mawe kwa yale mengine, ulizungushe kwa mkono. Upepo wa tairi nao ni bei ndogo sana, na tairi laini ni mzigo.

Injini ikilia juu lakini gari halisongi, hiyo ni klachi inateleza, na hakuna plagi itakayoiponya.

Plagi zenyewe ni barua kutoka ndani ya injini, zisome. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi makavu meusi maana yake petroli ni nyingi au hewa ni kidogo, kwa hivyo anza na filta ya hewa. Vumbi letu jekundu huijaza upesi. Nyeusi yenye mafuta ni oili inaingia. Nyeupe kabisa ni joto la kupita kiasi, msiendelee na safari ndefu kabla fundi hajaona. Pointi nazo zisafishwe na zipimwe kwa geji, si kwa jicho. Nyingi ni karibu milimita 0.4, lakini fuata kitabu cha gari lako.

Kuna jambo mafundi wachache hulitaja. Thika iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa huku ni pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Mombasa. Kabureta iliyopangwa kwa pwani inamwaga petroli nyingi mno huku. Mwombe fundi aweke jeti ndogo kidogo na arekebishe taimingi. Nguvu yote ya pwani hairudi, lakini petroli inapungua na gari linavuta vizuri zaidi.

Kabla ya kununua chochote, lipeni kwanza fundi apime kompresheni ya kila silinda. Moja ikiwa chini sana, ni vali au ringi, na pesa ya kabureta itapotea bure. Wekeni fedha hiyo mpaka itoshe kazi yenyewe.

Mfanye jambo moja kwa wakati, kisha mpande kilima kile kile na mzigo ule ule, na katibu aandike ni gia gani iliyofika juu. Mkibadilisha vitu vitano siku moja hamtajua kilichosaidia, na fundi atasema vyote.

Kwetu ilikuwa breki ya nyuma kushoto pamoja na filta ya hewa. Salensa ilikuwa bado iko stoo, tukairudisha.