Akiba ya Uzee Katika Mshahara wa Kwanza

Kijana apokeapo mshahara wake wa kwanza huwa na watu wengi wa kuwakumbuka. Mama yake angoja kitenge, mdogo wake adaiwa mchango wa shule, rafiki zake wataka waonjeshwe, na yeye mwenyewe ametamani simu mpya tangu siku za chuo. Katika orodha hiyo yuko mtu mmoja asiyekumbukwa, kwa kuwa bado hajaonekana: ni yule mzee wa miaka 65 ambaye kijana huyo atakuwa siku moja, Mungu akimjalia uhai. Leo twataka kumsemea mzee huyo.

Twajua ya kuwa wako Wakristu wema waonao shaka katika jambo hili. Husema kwamba Bwana wetu alitukataza kuisumbukia kesho, akatuonyesha ndege wa angani na maua ya kondeni. Tena tajiri aliyejenga ghala kubwa aliitwa mpumbavu, akafa usiku ule ule. Je, kuweka akiba ya miaka 35 si kukosa imani? La hasha. Msomeni vema tajiri yule katika sura ya 12 ya Luka. Asema na nafsi yake tu. Hamtaji Mungu, wala jirani, wala hata mtumishi aliyemvunia. Hilo ndilo kosa lake, wala si ghala. Kusumbuka ni jambo moja, na kupanga ni jambo jingine. Yosefu mwana wa Yakobo alimshauri Farao kutenga sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe, na kwa akiba ile walipona Wamisri, wakapona na ndugu zake waliomwuza. Hakuna aliyemwambia Yosefu kwamba amekosa imani.

Sehemu ya tano, tumesema. Ni ajabu kidogo kwamba sheria ya nchi yetu nayo yataja kiasi hicho hicho, ingawa hatudhani kwamba waliotunga sheria walikuwa wamefungua kitabu cha Mwanzo. Mfanyakazi wa sekta binafsi achangiwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ndio NSSF, 20 katika kila 100 ya mshahara wake. Yeye hakatwi zaidi ya 10, na mwajiri humalizia. Mtumishi wa serikali, aliye katika mfuko wa PSSSF ulioanzishwa mwaka 2018, hukatwa 5, na mwajiri hutoa 15. Basi mwenye mshahara wa shilingi 400,000 katika sekta binafsi hukatwa 40,000, lakini akiba yake huongezeka kwa 80,000. Kijana anung'unikaye juu ya makato, au akubaliye kulipwa mkononi pasipo kuandikishwa ili apate fedha nyingi zaidi leo, na alijue hilo: amezikimbia 40,000 zake, akaziacha na 40,000 za mwajiri.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Mfuko wa kwanza, NPF, uliundwa mwaka 1964, nao ulimlipa mzee fedha zake kwa mkupuo mmoja tu. Zikiisha, zimeisha. NSSF ilipochukua nafasi yake kwa sheria ya mwaka 1997, ilileta pensheni ya kila mwezi mpaka kufa. Lakini pensheni hiyo ina sharti ambalo vijana wengi hawalijui: yahitaji michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Aliyeandikishwa akiwa na miaka 50 hawezi kuitimiza kabla ya miaka 60, ambayo ndiyo umri wa kustaafu kwa lazima. Wala asidhani kwamba serikali itamlipa kwa sababu ya mvi tu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 pensheni ya jamii, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, ikaiongeza baadaye. Ni jambo jema, lakini hakuna nyumba iendeshwayo kwa kiasi kama hicho.

Sasa tufanye hesabu kidogo, na baba wa nyumba achukue kalamu. Vijana wawili wamezaliwa mwaka mmoja. Wa kwanza aanza kuweka shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka, akiwa na miaka 25. Wa pili aanza akiwa na miaka 40, kwa kiasi kile kile. Wote wawili wakoma wakiwa na 60. Wa kwanza ametoa mfukoni mwake 8,400,000. Wa pili 4,800,000. Tuseme fedha zao huzaa 8 katika 100 kila mwaka, na faida yenyewe haiguswi bali huachwa izae nayo. Wa kwanza atakuta zaidi ya milioni 41. Wa pili atakuta karibu milioni 11. Yule wa kwanza hakutoa hata mara mbili ya mwenzake, ila amepata karibu mara nne yake. Tofauti hiyo haikutoka jashoni mwake. Imetoka katika ile miaka 15 ya ujana, nayo haiuzwi dukani wala haikopeshwi.

Haki yatudai tuseme na upande wa pili wa hesabu. Ile 8 ni mfano wetu tu, hakuna benki iliyoiahidi. Na bei za vitu nazo hazilali. Bei zikipanda kwa 4 katika 100 kila mwaka, baada ya miaka 35 milioni 41 zile zitanunua kile ambacho milioni 10 na nusu zanunua leo. Ndiyo maana fedha za kufukiwa chini ya godoro si akiba. Zaoza zikiwa nzima.

Wengine watatujibu: “Watoto wangu ndio pensheni yangu.” Neno hili si la kudharau. Bwana wetu aliwakemea kwa ukali wale waliosema mali yao ni Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Amri ya nne haikomi mtoto apatapo kazi. Lakini amri ile huwabana watoto, haiwapi wazazi ruhusa ya kuzaa watoto kama mtu awekaye fedha benki. Twawaona vijana wa siku hizi: mkono mmoja wavutwa na ada za wadogo zao na dawa za baba, mkono wa pili na kodi ya nyumba na maziwa ya mtoto. Kijana wa namna hii hatumwambii awafungie wazazi mlango. Twamwambia atenge kidogo kwanza, hata kiwe 10,000, kabla ya kugawa kilichobaki, ili mwanawe mwenyewe asije akavutwa hivyo hivyo mwaka 2060.

Tena, mahali pa kupatia hizo 10,000 papo, nasi tutapataja ingawa tutachukiwa. Ni kadi za michango. Kijana mwenye mshahara mdogo hupokea kadi ya harusi, kadi ya kumwaga bibi arusi, kadi ya kipaimara, na kila kadi ina kiwango chake kilichoandikwa, kana kwamba ni kodi ya serikali. Sakramenti ya ndoa yahitaji bibi na bwana, padre na mashahidi wawili. Haihitaji ukumbi wenye taa za rangi saba.

Na wale wasio na mwajiri? Mama lishe, fundi cherehani na dereva wa bodaboda waweza kujiandikisha NSSF kwa hiari. Vikundi vya kuweka na kukopa vijijini na mitaani twavisifu, maana vimesomesha watoto wengi. Ila vingi hugawana fedha zote mwisho wa mzunguko, na kinachogawanywa kila Desemba hakimfikii mzee. Kwa atakaye kuweka kidogo kidogo na kuziacha zikue, upo Mfuko wa Umoja chini ya UTT, ulioanza mwaka 2005. Mkulima wa Mufindi au Njombe apandaye mipaina akiwa kijana naye aweka akiba ya uzee, mradi achunge njia za kuzuia moto. Si lazima kila akiba iwe ya karatasi.

Lakini tusiwaelemee vijana peke yao. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara yapasa utoshe, hata mfanyakazi mwenye kiasi aweze kubakiza kitu; na Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, aliihesabu pensheni ya uzee kuwa haki ya mfanyakazi. Mafundisho haya hayakuandikwa kwa ajili ya viwanda vya Ulaya tu. Yahusu shule zetu, hospitali zetu na parokia zetu. Mlinzi wa misioni ameandikishwa? Michango akatwayo yafika kweli kwenye mfuko? Na aende akaombe taarifa ya michango yake, wala asione haya, wala paroko asimwone mkaidi. Na katekista aliyefundisha kizazi kizima kufanya ishara ya msalaba, halmashauri ya parokia imemtengea nini siku miguu itakapokataa kutembelea vigango?

Tena yuko mmoja aliye karibu zaidi. Katika nyumba nyingi za wasomaji wetu kuna binti wa kazi, mwenye miaka 19 au 20, na huo ndio mshahara wake wa kwanza. Mara nyingi haumfikii mkononi. Hutumwa wote kwao, au mama mwenye nyumba humtunzia mpaka siku ya kuondoka. Mama mpenzi, nenda naye benki au kwenye ofisi ya mfuko Jumatatu hii, akaandikishwe kwa jina lake mwenyewe, na kitabu chake akitunze yeye.