Mada ya 9: Kiolesura Pepe cha Mtandao na Maktaba ya Programu

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikadorora nchini. Huku Kilwa tulikuwa hatujapoa: mwanzoni mwa mwezi huo mvua za kimbunga Hidaya zilikuwa zimeikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga. Kesho yake wanafunzi wangu waliingia chumba cha kompyuta, wakaona hakuna ukurasa unaofunguka, wakazima mashine. Walikosea. Mada hii ingefundishika sehemu kubwa bila intaneti.

Kadi ya mtandao ni kifaa. Unaishika na kuichomekea waya. Kiolesura pepe hakishikiki. Ni programu ndani ya mfumo endeshi inayofanya kazi kama kadi: ina jina, ina anwani ya IP, inapokea na kutuma pakiti. Kimoja unacho tayari. Kwenye Linux kinaitwa lo na anwani yake ni 127.0.0.1. Chomoa waya, kisha andika ping 127.0.0.1. Majibu yatarudi, kwa sababu pakiti haikutoka nje ya mashine.

Violesura viwili vinavyowachanganya watahiniwa ni TUN na TAP. TUN hubeba pakiti za IP, yaani tabaka la tatu. TAP hubeba fremu za Ethernet, tabaka la pili. Vyote viwili huikabidhi data kwa programu badala ya kuipeleka kwenye waya.

Sasa, maktaba ya programu inaingia wapi? Bila maktaba, mwandishi wa programu kwenye Linux hufungua faili /dev/net/tun na kuuagiza mfumo endeshi hatua kwa hatua. Maktaba humpa vitendo vilivyokwisha andikwa: unda kiolesura, kipe anwani, kiwashe, soma pakiti, andika pakiti. Kwa kawaida programu hiyo huhitaji ruhusa za msimamizi wa mashine. Wengi husahau hoja hii, nayo ina alama.

Swali la mfano: Ofisi ya Lindi imeunganishwa na ofisi ya Dar es Salaam kwa VPN inayotumia TUN. Laini ya intaneti ya Lindi imekatika. Mwanafunzi anadai VPN itaendelea kufanya kazi kwa kuwa kiolesura chake ni pepe. Je, ni sahihi? (Alama 5)

Jibu: Si sahihi. Programu ya VPN husoma pakiti kutoka TUN, huifumba, huiweka ndani ya pakiti nyingine, kisha huituma kwa kadi halisi. Ni bahasha ndani ya bahasha, na zote zimepanda basi moja. Basi likikwama Somanga, zote zimekwama. Kiolesura kinaweza kubaki kimewashwa na kuonyesha anwani yake, lakini pakiti hazifiki Dar es Salaam.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayotofautisha jibu la alama tatu na la alama tano. Kuwepo kwa kiolesura ni jambo moja, kuwepo kwa njia ni jingine.

Jaribu mwenyewe: Katika hali hiyohiyo, je, ping 127.0.0.1 kwenye kompyuta ya Lindi itapata majibu? Toa sababu. (Alama 2)