Somo kwa Wanakwaya: Kuchagua Sampula Pasipo Kompyuta

Vijana wa kwaya wameuliza swali linalostahili kujibiwa kwa somo kuliko kwa maneno ya mlangoni baada ya ibada. Wanauliza hivi: ikiwa sadaka za mavuno ya mpunga zitatosha kununua chombo cha midundo, kinunuliwe chombo gani, maadamu hatutaki kompyuta ya mapajani kando ya madhabahu?

Kutoitaka kompyuta si kwa sababu ya uzee wa mwandishi. Vijana wa singeli mjini Dar es Salaam wamefanya kwa kompyuta kazi iliyosikika hadi Ulaya. Lakini kompyuta ya muziki yataka programu, yataka kifaa cha kutolea sauti safi, na yataka mtu anayeielewa. Mtu huyo akisafiri kwenda Same Jumapili, kwaya imekwama. Tena vumbi na joto la tambarare yetu havina huruma. Na lililo kubwa zaidi, mara nyingi kompyuta hutumiwa kucheza wimbo mzima uliokwisha kurekodiwa, nayo kwaya huukimbiza. Mchungaji akiomba ubeti urudiwe, mashine haimsikii.

Basi, sampula ni nini? Ni mashine inayonakili kipande cha sauti, kama pigo la ngoma, kayamba au sauti ya mtu, na kukitoa tena mara unapobonyeza kitufe. Kinanda cha kawaida ni ghala lililojazwa tayari na mwenye kiwanda; sampula ni ghala tupu, wewe ndiwe unayelijaza. Tofauti hii si ndogo. Katika miaka ya 1990 vikundi vya taarabu ya kisasa kama East African Melody na Tanzania One Theatre viliweka vinanda vya umeme mahali pa sehemu kubwa ya okestra ya zamani. Gharama ilipungua, watu wakacheza, lakini sauti zilikuwa zile zile walizochagua wenye viwanda. Ngoma ya Kipare haikuwamo katika vinanda hivyo, wala haimo leo.

Zamani ghala hili tupu lilikuwa la matajiri. Fairlight ya Australia, iliyotoka mwaka 1979, bei yake ilikuwa kama ya nyumba. Casio walipotoa SK-1 katikati ya miaka ya 1980, mtoto aliweza kunakili sauti yake kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi, kwa bei ya kama dola 100. Mwaka 1988 ikaja Akai MPC60, yenye vitufe 16 vya kupigwa kwa vidole, na mpangilio huo wa vitufe ndio unaofuatwa na mashine nyingi hadi sasa.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana muuzaji atawatajia wingi wa sauti na taa, ninyi mwulizeni sekunde. Mdundo wa mapigo 120 kwa dakika una mapigo mawili kwa kila sekunde. Mzunguko wa mapigo manane, basi, ni sekunde 4. Kile kimashine kidogo cha Teenage Engineering kiitwacho PO-33 hubeba sekunde 40 tu, yaani mizunguko kumi ya namna hiyo, na hapo hujaweka hata kengele moja. Kina maikrofoni yake na hutumia betri mbili ndogo. Chafaa kwa kujifunzia nyumbani. Kwa kanisa lenye watu wengi ni kidogo mno.

Korg Volca Sample 2 hubeba kama sekunde 130, na bei yake si mbaya. Lakini ina kasoro ambayo wengi huigundua wakishafika nyumbani: haina njia ya kurekodi yenyewe. Sauti huandaliwa kwingine na kuingizwa kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Sisi tunaoikimbia kompyuta tutakuwa tumeifukuza mlangoni na kuikaribisha dirishani. Mimi singeinunua.

Iliyo bora kwa kazi yetu, kwa maoni yangu, ni Roland SP-404MKII, iliyotoka mwaka 2021 kwa bei ya karibu dola 500 huko ng'ambo, kabla ya usafiri na ushuru. Hurekodi yenyewe kwa maikrofoni, ina nafasi ya gigabaiti 16 ndani yake, na vitufe 16 vya kupigia. Hutoa sauti kwa jeki kubwa zinazoingia moja kwa moja kwenye mikseri yetu. Umeme ukikatika, na sote twajua hukatika, hutumia betri sita za kawaida au pawabanki inayotosha nguvu. Wenye kutafuta mtumba wajihadhari na SP-404 ya kwanza ya mwaka 2005: kadi zake ni za aina ya CompactFlash, ambazo siku hizi ni taabu kuzipata. Ile ya SX iliyofuata hutumia kadi za SD.

Fedha zisipofika hapo, iko EP-133 ya mwaka 2023, ambayo ilianza kuuzwa kwa dola 299. Ina maikrofoni na spika ndani, na hutumia betri nne ndogo. Jeki yake ni ndogo kama ya simu, hivyo ongezeni fedha ya waya mzuri. Na kama kwaya yataka kinanda kwanza, Yamaha PSR-E473 inaweza kunakili vipande vifupi vya sauti. Hapo mtapata vyote viwili kwa kiasi, ingawa si kwa ukamilifu.

Chombo kikinunuliwa, kazi ya kwanza isiwe kupakua midundo ya watu. Wimbo wa mtu mwingine ni mali yake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Waendeeni wazee wetu wanaojua kupiga ngoma, ambao idadi yao hupungua kila mwaka. Waombeni ruhusa, waelezeni sauti itatumika wapi, kisha rekodini ndani ya nyumba penye utulivu, maana upepo wa huku huharibu maikrofoni. Rekodini pigo moja moja: la katikati ya ngozi, la ukingoni, la kiganja. Halafu kateni ukimya ulio mwanzoni mwa kila pigo, kwani ukimya huo, hata uwe mdogo kiasi gani, ndio unaofanya ngoma isikike imechelewa nyuma ya waimbaji. Pigo moja liwekwe likome lenyewe. Mdundo mrefu uwekwe uzunguke mpaka kiongozi wa kwaya atakapoinua mkono. Hapo ubeti waweza kurudiwa hata mara saba.

Mkienda Kariakoo, nendeni watu wawili, mmoja wao awe mpiga ngoma. Chukueni maikrofoni yetu, waya wetu na pawabanki. Mwombeni muuzaji aizime kabisa, aiwashe, nanyi mhesabu ni sekunde ngapi hadi iwe tayari kupigwa. Mpiga ngoma apige kiganja mezani, airekodi sauti hiyo, aikate, na aipige kwa vidole dakika tano mfululizo bila mtu yeyote kugusa kompyuta wala simu. Kisha izimwe na kuwashwa tena, mwone kama sauti ile ingalimo.