Nguvu ya Mwamba wa Volkano na Nyufa Zake

Watu wengi hudhani ya kuwa jiwe jeusi la volkano, kwa kuwa hushinda hata nyundo, ni msingi usioshindika. Somo hili lataka kuonyesha ya kuwa sivyo. Sisi wa Nyakabiga tumekaa juu ya mchanga na udongo ulioletwa na maji, lakini mwamba huo hauko mbali: uko upande wa Cibitoke, uko Bukavu, na kule Goma ungali unazaliwa.

Kwanza, nyufa. Kipande kizima cha basalti, cha kushikwa mkononi, huweza kuchukua zaidi ya kilo 1,000 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Genge zima la jiwe lile lile halifikii kiasi hicho, maana lina nyufa. Nazo zatoka wapi? Lava ipoapo hunywea, ikapasuka kama tope la Ruzizi wakati wa kiangazi. Tena nchi hizi zimo katika Bonde la Ufa, ambalo lavutwa huku na huku. Na jiwe huvumilia kubanwa kama mara kumi kuliko kuvutwa.

Tutazame mlima Nyiragongo. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wake ulipasuka, na ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika kwa muda usiotimia saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka tena upande wa kusini. Lava ikapita katikati ya mji wa Goma hata ikaingia Ziwa Kivu.

Pili, vitu vijazavyo nyufa. Ufa haukai mtupu siku zote. Maji ya moto hupita ndani, yakaacha madini. Yakiacha kwatsi, ambayo ni ngumu hata huchora kioo, ufa huungika vizuri. Yakiacha kalisiti, ambayo huchorwa kwa kisu, kiungo huwa dhaifu zaidi. Lakini jiwe likioza, ufa ukajaa udongo wa mfinyanzi, hapo pana hatari: udongo ukilowa huwa kama sabuni kati ya mbao mbili. Na ikiwa ufa umeinamia bondeni, sehemu ya juu huteleza.

Hayo huonekana Bukavu. Basalti ya huko ni ya kale, ya miaka milioni kadhaa, na mahali pengi imekwisha kuoza kuwa udongo. Mtaa wa Funu umejengwa juu ya ardhi inayosogea polepole, na kuta za nyumba hupasuka.

Basi, ndugu zangu wanafunzi, nanyi mliotutangulia ambao leo mnajenga nyumba, barabara na madaraja, msiulize ugumu wa jiwe peke yake. Ulizeni mambo matatu: Nyufa zake ni nyingi kiasi gani? Zimeinamia wapi? Zimejaa nini? Fundi asiyeuliza hayo ataulizwa na mvua ya Aprili.